Muulize Mzazi Kabla ya Kugusa Namba

Kila anayeanza kutengeneza programu za madirisha kwa Python hupewa ushauri uleule, na hupewa kwa nia njema. Kitufe kimekimbilia kona isiyo yake? Badilisha namba. Bado hakijatulia? Achana na pack na grid, tumia place, kipe x na y, umalize kazi. Hata hapo kimegoma? Basi kosa ni la Tkinter, maktaba ya kizee, hamia Qt. Na wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanaosema taabu yote imeletwa na klasi: ungeandika msimbo wako moja kwa moja kutoka juu hadi chini, bila self wala urithi, kila kitu kingekaa mahali pake.

Yote manne nayapinga. Sikatai kwamba hutuliza mambo kwa siku hiyo, kwenye kompyuta hiyo, mbele ya mteja huyo. Ninachokataa ni dhana inayoyazaa, kwamba kupanga dirisha ni kazi ya vipimo. Kupanga dirisha ni kazi ya ukoo. Kila wijeti ina mzazi mmoja, kila mzazi hugawa nafasi aliyonayo kwa watoto wake, na mtoto asiyepangiwa nafasi haonekani, hata uwe umemwandikia upana na urefu wa kutosha kujaza ukuta. Asiyejua ukoo wa dirisha lake atahamisha namba hadi usiku wa manane, na kesho yake mtu mwingine akiongeza lebo moja tu, kazi yote inaparaganyika.

Ukoo huu umo ndani ya Tk tangu John Ousterhout alipoiandika akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ili iende sambamba na lugha yake ya Tcl. Katika Tcl jina la wijeti ni njia inayotaja wazazi wake: nukta peke yake ni dirisha kuu, .fomu ni fremu iliyomo ndani ya dirisha hilo, na .fomu.jina ni kisanduku cha maandishi kilichomo ndani ya fremu. Huwezi kuunda kisanduku bila kutamka nasaba yake, maana nasaba ndiyo jina. Tkinter ni daraja kati ya Python na Tk, na daraja hilo limetuficha majina hayo ili tusihangaike nayo. Nia ilikuwa njema, lakini hapo ndipo balaa lilipopata mlango. Kilichokuwa cha lazima katika Tcl kimegeuka kigezo cha kwanza kwenye mabano, kigezo kinachoweza kukosewa, au kuachwa kabisa, bila mtu kushtuka.

Chukua fomu ya kusajili wanachama wa SACCOS. Mwandishi wake ameamua, na ameamua vizuri, kuipa klasi yake:

class FomuMwanachama(tk.Frame):
    def __init__(self, mzazi):
        super().__init__(mzazi)
        self.jina = tk.Entry(mzazi)
        self.jina.grid(row=0, column=1)

Tazama mstari wa nne. Kisanduku cha jina kimekabidhiwa kwa mzazi aliyeletwa kutoka nje, badala ya self. Python hailalamiki, Tk nayo kimya. Lakini kisanduku hicho hakikuzaliwa na fomu. Ni ndugu wa fomu. Kitakaa kwenye safu za dirisha la nje, kitagombea nafasi na chochote kilichokwisha kukaa pale, na fomu yenyewe itabaki fremu tupu isiyoonekana. Mtu wa namba akifika hapa hubadilisha row=0 kuwa row=5, kisha huongeza padx=120, kisha hushangaa kwa nini kitufe kipya kilichowekwa upande wa pili wa dirisha kinaivuruga fomu. Hatapata jibu, kwa kuwa anapima umbali wakati kilichokosewa ni nani kamzaa nani.

Jibu liko kwenye mstari mmoja: print(self.jina). Wijeti ikichapishwa hujitaja kwa njia yake ya ukoo, na tangu Python 3.6 majina yaliyomo katika njia hiyo hutokana na majina ya klasi. Kisanduku kilichozaliwa sawasawa kitajitaja .!fomumwanachama.!entry. Hiki cha mfano wetu, fomu ikiwa imeundwa moja kwa moja juu ya dirisha kuu, kitajitaja .!entry. Umekwisha kujua kosa lilipo, na hujahesabu pikseli hata moja.

Hapa ndipo ninapowageukia wanaolaumu klasi. Chapisha wijeti za programu isiyo na klasi uone unachokipata: .!frame, .!frame2, .!frame3.!frame.!entry2. Nani atakumbuka fremu ya tatu ilikuwa ya nini? Aliyeandika klasi husoma .!ukurasamikopo.!fomumwanachama.!entry na anajua yuko wapi, kwa majina aliyoyachagua mwenyewe. Kwa maneno mengine, wanatushauri tutupe ramani ndipo tuanze kutafuta njia.

Wana hoja moja ya kweli, na naitaja mimi wasije wakasema nimeikwepa. Klasi inayorithi kutoka tk.Frame hurithi pia msururu wa methodi, na ni rahisi kufunika mojawapo bila kujua. Anayeandika mchezo wa bao, wenye mashimo 32 katika safu nne, atavutiwa kuuhifadhi ubao wake katika self.grid. Akishafanya hivyo ameifunika methodi ya grid kwa objekti hiyo. Akija kuupanga mchezo wake kwenye dirisha ataambiwa kwamba orodha haiwezi kuitwa kama funksheni. Majina ya kuogopa ni mengi: config, focus, update, na kwenye dirisha lenyewe title na state. Hitilafu hii ni ya klasi kweli. Lakini walau hii ya grid hupiga kelele na kutaja mstari ilipotokea, na dawa yake ni kubadilisha jina, self.ubao badala ya self.grid. Kutupa klasi zote kwa ajili hiyo ni kujikomoa.

Ningependa kusema kosa la mzazi ni la wanafunzi peke yao, lakini hata nyaraka rasmi za Python zimewahi kulifundisha. Upo mfano wa kuunganisha kisanduku na kigeugeu cha maandishi, ambamo klasi iitwayo App inarithi tk.Frame, inajipanga yenyewe kwa self.pack(), kisha inaunda tk.Entry() pasipo kitu chochote ndani ya mabano. Wijeti isiyotajiwa mzazi Tkinter huichukua na kuipeleka kwenye dirisha kuu la kwanza lililoundwa. Kwa hiyo fremu ya App imepangwa ikiwa tupu, na kisanduku chake kinaishi nje yake. Mfano unafanya kazi kwa sababu dirishani hamna kingine cha kugombana nacho. Mwanafunzi huunakili, huongeza klasi ya pili kando ya ya kwanza, vitu vyote vinarundikana mahali pamoja, na mshauri wetu anatokea: tumia place.

Dawa ya huruma hiyo ya Tkinter ipo, na masomo mengi hayaitaji. Ukiita tkinter.NoDefaultRoot() mwanzoni mwa programu, kabla ya dirisha lolote kuundwa, wijeti itakayoundwa bila mzazi itasimamisha kazi papo hapo kwa ujumbe wa kosa. Utalazimika kuvitajia mzazi hata vigeugeu vya StringVar, jambo linalowaudhi baadhi ya watu. Waudhike. Dakika moja ya kuudhika ni nafuu kuliko fomu inayojenga kwa jirani.

Mfano ule wa App una kosa la pili, na hili limeenea kuliko la kwanza: mtoto kujipangia nafasi. Klasi inayoita self.pack() ndani ya __init__ imejichukulia uamuzi usio wake. Aliyeiunda akiwa anawapanga watoto wake wengine kwa grid, ugomvi unaanza kabla hajasema neno, kwa sababu Tk haikubali pack na grid ziwatawale watoto wa mzazi mmoja. Tangu toleo la 8.6, lililotoka mwaka 2012, unapewa ujumbe wa kosa. Katika matoleo ya nyuma programu iliganda tu, kila mpangaji akiitangua kazi ya mwenzake bila mwisho. Kutokana na mateso hayo watu wakaondoka na fundisho lisilo sahihi, kwamba pack na grid haziwezi kuishi katika programu moja. Zinaweza. Dirisha kuu likapangwa kwa pack, na fomu iliyomo ndani yake ikapanga visanduku vyake kwa grid, na hakuna atakayegombana, kwa kuwa kila mzazi ametumia utaratibu mmoja kwa watoto wake. Ninachokidai ni mpaka ulio wazi: klasi ipange yaliyo ndani yake, na aliyeiunda klasi ndiye aipangie nafasi.

Sasa place. Watetezi wake husema, "Mimi nakiona ninachokipata." Ndiyo, unakiona kwenye skrini yako. Namba za place ni pikseli, ilhali saizi ya fonti katika Tk, ikiwa namba chanya, hupimwa kwa pointi, na pointi moja huwa pikseli nyingi au chache kufuatana na skrini. Ipeleke programu hiyo kwenye kompyuta ya Windows iliyokuzwa hadi asilimia 150, huku programu ikiwa imeambiwa iuheshimu ukuzaji huo ili maandishi yasififie, herufi zitakua na x na y zitabaki vilevile. Lebo zitapanda juu ya visanduku. Hamia Linux au macOS, fonti ya kawaida ni nyingine, upana wa kila neno ni mwingine.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunaumia zaidi. Fomu nyingi huanza kama nakala ya mfano wa Kiingereza, ambako kitufe kimetengewa nafasi ya herufi nne au tano. Ukikiandika "Hifadhi mabadiliko", na lebo ukaiandika "Namba ya kitambulisho cha taifa", mwenye place anaanza kuhesabu dirisha lake upya kutoka juu hadi chini. Mwenye grid hafanyi lolote. Safu wima hujipanua kufuata wijeti pana kuliko zote iliyomo, na safu za jirani husogea zenyewe. Hesabu hiyo imo ndani ya Tk tangu grid ilipoongezwa katikati ya miaka ya 1990; sioni fahari ya kuifanya upya kwa mkono, tena vibaya.

Place ina ubaya mwingine ambao watetezi wake hawausemi, pengine kwa kuwa hawaujui. Mzazi anayewapanga watoto kwa pack au grid hujinyoosha hadi watoshe. Kwa place hafanyi hivyo. Fremu yenye watoto kumi waliowekwa kwa place hubaki na ukubwa ulioupanga wewe, na kama hukuupanga hubaki bila ukubwa wowote, na watoto wote kumi hawaonekani. Place nayo ina mahali pake: kuweka ujumbe wa "tafadhali subiri" katikati ya dirisha kwa relx na rely, au kuburuta kitu kwa kipanya. Kuijengea fomu nzima ni habari nyingine.

Malalamiko yanayosikika kuliko yote, hata hivyo, ni ya dirisha linapokuzwa. Mtu analivuta dirisha lijae skrini na fomu inabaki imejikunyata kwenye kona ya juu kushoto. Anaweka sticky="nsew" kwa kila wijeti, hakuna kilichobadilika, anahitimisha kwamba grid ni mbovu. Kumbe sticky humruhusu mtoto ajinyooshe ndani ya nafasi aliyokwisha kupewa. Inayoamuru nafasi hiyo ikue ni weight, na weight isipotajwa huwa 0, yaani safu isikue kamwe. Tena weight ni mnyororo. Dirisha kuu lazima liipe weight safu iliyobeba ukurasa, ukurasa uipe safu iliyobeba fomu, na fomu iipe safu yenye visanduku. Kiungo kimoja kikikosekana, vyote vilivyo chini yake vinadumaa, hata kama umeviandikia vyote sawasawa. Ndiyo maana kuhangaika na kisanduku chenyewe hakusaidii: mara nyingi kosa liko kwa babu yake. Na hapa tena klasi inamsaidia anayetafuta. Kila klasi ina self.columnconfigure yake na self.rowconfigure yake mahali pamoja, ndani ya __init__, kwa hiyo unafungua klasi moja baada ya nyingine kutoka juu ukikagua kiungo kimoja kimoja. Katika faili la mistari mia tisa lisilo na klasi, miito hiyo imetapakaa kote, na hakuna anayejua upi ni wa nani.

Kwa pack, kinachoamua ni nani ameitwa kwanza. Anayeitwa kwanza hukata kipande chake kutoka upande mzima wa nafasi iliyopo, anayefuata hukata kwenye masalio, na dirisha likipunguzwa anayeumia ni wa mwisho. Basi ukipanga eneo kubwa la maandishi kabla ya mstari wa vitufe, ni vitufe vitakavyotoweka mtumiaji akilipunguza dirisha. Wengi hukimbilia kulipunguza eneo la maandishi kwa pikseli. Vipange vitufe kwanza kwa side="bottom", kisha eneo la maandishi lichukue kilichobaki kwa expand na fill. Namba za kuandika: hakuna.

Waliobaki ni wale wa "hamia Qt". Wahenga walikwisha kuwajibu: mchagua jembe si mkulima. Qt ni maktaba nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini anayehamia huko akiwa na dhana ileile ya vipimo atakutana na ukoo uleule umevaa nguo nyingine. Ukijaribu kuipa QMainWindow mpangilio wako kwa setLayout, utaonywa kwamba dirisha hilo lina mpangilio tayari; unatakiwa kuunda QWidget, uipe mpangilio hiyo, kisha uikabidhi kwa setCentralWidget. Wijeti iliyoundwa bila mzazi wala kuingizwa kwenye mpangilio wowote, ikiitwa show, hufunguka kama dirisha linalojitegemea. Kivy nayo, wijeti zikiwekwa ndani ya Widget ya kawaida isiyopanga watoto wake, zote huanza na ukubwa wa 100 kwa 100 kwenye kona ya chini kushoto, zimepandana. Aliyeshindwa kujibu swali la mzazi katika Tkinter atashindwa kulijibu kote huko, ila sasa atakuwa na maktaba kubwa zaidi ya kulaumu.

Na uzee wenyewe una uzito gani? IDLE, ambamo wengi wetu tuliandika mstari wetu wa kwanza wa Python, imejengwa kwa Tkinter, na madirisha yake hukuzwa na kupunguzwa bila kitu kuhama mahali pake. Tk yenyewe bado inaendelezwa. Toleo la 9.0 lilitoka mwaka 2024. Kama lalamiko ni sura ya vitufe, hilo nalielewa, na moduli ya ttk imepunguza makali yake. Sura ya kitufe haihusiani na kitufe kupotea.

Kuna jambo moja ambalo wapinzani wangu nawapa haki bila kigugumizi: Tk ni kimya kupita kiasi. Wijeti isiyopangiwa nafasi haitoi onyo lolote. Anayeandika self.jina = tk.Entry(self).grid(row=0) anahifadhi None, kwa kuwa grid hairudishi kitu, na kosa litajitokeza mbali kabisa, siku mtumiaji atakapobofya kitufe cha kuhifadhi. width=20 kwenye Entry ni herufi 20; kwenye Frame ni pikseli 20, na fremu ikishapata watoto waliopangwa kwa pack au grid namba hiyo hupuuzwa. winfo_width() ikiitwa kabla dirisha halijachorwa hurudisha 1. Mambo haya yanachosha, na anayekata tamaa simcheki.

Ila kimya hicho huvunjwa kwa kuuliza, na Tkinter hujibu kila inapoulizwa. winfo_parent() itakuambia mzazi ni nani. winfo_manager() itakuambia ni pack, grid au place inayompangia mtoto, na ikirudisha maandishi matupu basi hakuna aliyempangia. grid_info() itataja safu na sticky. winfo_children() itakuorodheshea watoto wote wa fremu, na mara nyingi hapo ndipo mtu anapogundua kwamba fremu aliyoihangaikia haina mtoto hata mmoja. Ipe kila fremu rangi yake ya mandharinyuma, nyekundu hii, njano ile, uone kwa macho ipi imekua na ipi imedumaa. Kwa fremu za ttk, ambazo hazikubali bg, tumia tk.Frame hadi utakapomaliza ukaguzi.

Kwa mnaofundisha Python kwa Kiswahili, darasani au kwa video, nina ombi. Futeni self.pack() ndani ya __init__ katika mifano yenu, pitisheni self kwa kila wijeti iliyomo ndani ya klasi, na mwanafunzi akija na kitufe kilichopotea, msimpe namba mpya. Mwambieni achapishe wijeti yake, awasomee jina linalotoka.